Nyundo ya Mwaka Jana

Jumanne, Septemba 1996
Kambini, upande wa Segese

Upepo tangu asubuhi. Vumbi limeingia kwenye chai, kwenye godoro, kwenye meno. Kiganja cha kulia kimevimba na kazi yote niliyoifanya mpaka saa nane mchana imetupwa.

Imetupwa kabisa. Nimepiga nyundo tangu jua linachomoza, na kila nikipiga, Bwana Lema anatazama kioo cha mashine yake, anakunja uso, anasema, "Mzee Saidi, hazifanani."

Nimelichoka neno hilo. Kufanana. Sijui kama kuna kitu katika dunia hii kinachofanana na cha mwaka jana. Mimi mwenyewe sifanani. Suruali niliyokuja nayo safari ile sasa naifunga kwa kamba.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nje ya hema, kabla mwanga haujaisha. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo mwandiko wangu si wa kujivunia, lakini nisipoandika leo nitamtukana mtu, na watu wa hapa hawajanikosea kitu. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Natafuta wa kumkasirikia, simpati.

Kazi yenyewe ni hii. Kampuni inayotafuta dhahabu huku inavuta maji ya chini kwa ajili ya mashine zake za kuchoronga miamba. Wanakijiji wanasema visima vyao vinakauka kwa sababu hiyo. Kampuni inasema visima vinakauka kwa sababu ya jua. Basi akaletwa Bwana Lema, kijana wa Moshi aliyesomea mambo ya ardhi Ulaya, apime maji ya chini mara mbili: mara moja kabla ya kuanza kuvuta, na mara nyingine baada ya mwaka. Ya kwanza tulifanya mwaka jana, majira haya haya. Ya pili ni hii.

Hatuchimbi. Tunachomeka ardhini vijiti vya chuma vyenye waya, ambavyo sisi vibarua tunaviita masikio. Mimi napiga nyundo juu ya bamba la chuma. Mshindo unashuka chini, unakutana na maji, unarudi, masikio yanausikia, na mashine inachora mistari.

Mwaka jana nilimuuliza Bwana Lema kwa nini kila kitu lazima kiwe vile vile, pale pale. Akaniambia maji yakishuka kidogo, mstari kwenye kioo nao unasogea kidogo sana. Sasa ukihamisha sikio, mstari unasogea. Ukibadilisha bamba, unasogea. Ukibadilisha mpigaji, unasogea. "Mwisho wake, Mzee, hutajua kilichosogea ni maji au ni wewe."

Haya mambo hayakuwa mageni kwangu. Kabla sijaja bara niliwahi kuwa kibarua wa melini kwetu Lindi, meli ya watu waliokuwa wakitafuta gesi chini ya bahari. Ilikuwa inavuta mkia mrefu wa waya wenye masikio kama haya. Wakitaka kupita njia waliyopita zamani, mkondo unasukuma mkia upande, na wataalamu wanagombana siku nzima. Nilisema moyoni, shauri yao, nani aliwatuma kupima kitu kinachotembea? Ningepata kazi ya nchi kavu ningepumzika, maana ardhi haitembei.

Nilijidanganya. Ardhi haitembei, lakini ina wenyewe.

Tulipomaliza mwaka jana, tuliacha vigingi vya chuma mahali pote palipokuwa na sikio au nyundo, vimepakwa rangi nyekundu. Bwana Lema akaitisha mkutano wa kijiji. Akawaambia, tutarudi mwakani, tafadhali vigingi hivi visipotee hata kimoja. Akasimama Masanja, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, mtu mrefu mwenye filimbi shingoni, akasema kwa niaba ya sungusungu wote kwamba hakitapotea hata kimoja.

Na kweli, hakikupotea hata kimoja.

Tuliporudi mwezi huu, Masanja alitupokea mwenyewe njiani. Mwangaluka, mwangaluka, akatuamkia kwa Kisukuma, habari za safari, akatupeleka nyumbani kwake, akapanda kwenye kihenge cha mtama akaanza kushusha vigingi vyetu. Vimefungwa mafungu mafungu kwa kamba za katani. Vimepakwa mafuta ya ng'ombe visishike kutu. Wiki ile ile tulipoondoka aliona hatari ya wezi wa vyuma, akatoka na vijana wake, wakaving'oa vyote, wakavihifadhi.

"Hesabu mwenyewe, mtaalamu," akasema. "Sungusungu hatuibiwi."

Bwana Lema aliketi chini. Pale pale kwenye kinyesi cha mbuzi, na suruali yake safi. Mke wa Masanja akadhani ni jua, akamletea maji.

Sasa mtu kama huyo utamgombezaje? Aliambiwa visipotee, havikupotea. Hakuna aliyemwambia kwamba kigingi chenyewe hakina thamani, thamani ni tundu lake. Mimi mwenyewe ningeambiwa hivyo ningecheka.

Viwili tu vilikuwa bado viko mahali pake, vile tulivyovipigilia kwenye kichuguu, maana vilimshinda kuving'oa. Aliomba radhi kwa hivyo viwili. Kutoka hapo, na kutoka kwenye alama ya saruji iliyopo karibu na shule, Bwana Lema akaanza kupima upya kwa kamba na darubini, akitafuta mahali palipokuwa na kila kigingi. Mashamba ya pamba yamelimwa juu yake, matuta yamegeuzwa. Siku nilizozitenga kwa safari yangu ziliishia kwenye kamba ile.

Nilikuwa nimezitenga, ndiyo. Hapa ndipo penye donda.

Binti yangu Zuhura anaolewa Ijumaa ya wiki ijayo, Lindi. Ni mtoto wangu wa pekee wa kike. Baba ndiye walii, ndiye anayeketi mbele ya kadhi akashikana mkono na bwana harusi na kutamka kuwa amemwoza. Nimelifikiria tamko hilo miaka mingi kuliko nilivyofikiria kitu kingine chochote. Nikiwa melini nilikuwa nalifanyia mazoezi, watu wakidhani nasali.

Treni inapita Shinyanga keshokutwa, Alhamisi. Nikiipata, nitafika Dar, nitakamata basi la kusini, nitavuka Rufiji hata kama kivuko kimeharibika siku mbili, na nitafika nikiwa na muda wa kunyoa ndevu. Inayofuata ni ya Jumapili. Nikipanda hiyo, nitawakuta watu wameshakula pilau wanaosha masufuria.

Jumamosi nilimwendea Bwana Lema kuomba ruhusa. Ni kijana mwenye adabu. Kila asubuhi ananiamkia shikamoo kabla ya kunituma kazi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanionyesha mstari wa mwisho uliobaki, ule unaopita karibu na visima, ambao ndio kiini cha ugomvi wote. Mwaka jana nyundo ya mstari ule nilipiga mimi. Nikiondoka akapiga mwingine, kampuni itasema tofauti ni ya mpigaji, si ya maji, na kazi ya mwaka jana na ya mwaka huu yote bure.

"Maliza mstari huu mmoja, Mzee wangu, nitakupeleka Shinyanga na gari mimi mwenyewe."

Masanja alikuwepo. Akaona aibu juu ya vigingi vyake, akajitolea kupiga badala yangu ili mimi niende. Bwana Lema akamwachia ajaribu, nadhani ili tu asimvunje moyo. Masanja akatema mate viganjani, akaipeleka nyundo mpaka nyuma ya mgongo, akaishusha. Bamba likazama ardhini. Mistari kwenye kioo ikaruka kama panzi.

"Kamanda," akasema Bwana Lema, "hapa tunabisha hodi. Hatuvunji mlango."

"Sasa mwenye nyumba kama yuko chini hivyo, hodi ya taratibu ataisikiaje?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Jumapili nikadandia lori mpaka Kahama, kwa Bwana Karim, Mhindi mwenye duka la vitambaa na simu ya kulipia. Nikapiga Lindi, kwenye duka la jirani yetu, wakamwita mdogo wangu Athumani. Nikamweleza kwa sauti ya kupayuka, maana simu ilikuwa inakoroma. Athumani wala hakuhuzunika. Akasema wameshamuuliza shehe, shehe amesema baba aliye mbali anaweza kumteua wakala, na yeye Athumani yuko tayari. Nimtaje tu, mbele ya mashahidi, mambo yaishe. "Kaka, usijisumbue."

Usijisumbue.

Nikamwambia nitampigia tena. Bwana Karim alikuwa amesikia kila kitu, na duka zima lilikuwa limesikia. Akaniambia, "Wakala anatosha kabisa, Mzee. Baba yangu alikuwa amelazwa Nairobi, dada yangu akaozwa na ami yetu. Ndoa nzuri, mpaka leo."

Nikamuuliza, baba yake aliridhika?

Akakunja kitambaa alichokuwa amekishika, akakikunjua, akakikunja tena. "Mpaka anafariki alikuwa anatutaka tumsimulie siku ile upya," akasema.

Nilirudi kwa lori nikiwa nimekaa juu ya magunia ya chumvi, na hesabu moja tu kichwani. Ndoa ya mwanangu inakubali wakala. Nyundo haikubali. Dini nzima imeniachia nafasi ya kuwakilishwa, lakini bamba la chuma linamtaka Saidi mwenyewe, kwa mkono wake.

Tangu siku hiyo hakuna kilichokubali.

Mistari ya wiki iliyopita ilifanana vizuri, Bwana Lema alikuwa anapiga hata mluzi. Jana, Jumatatu, tulipoanza mstari wa visima, hakuna. Leo hakuna. Jana tulilaumu mkokoteni wa ng'ombe uliokuwa unapeleka pamba. Leo asubuhi tukalaumu upepo, kwamba unatikisa majani na majani yanatikisa masikio. Halafu tukalaumu mchi wa Mama Kulwa.

Mama Kulwa ndiye anayetupikia. Nyumba yake iko hatua chache kutoka kwenye mstari, na alikuwa anatwanga mtama wa ugali wetu. Bwana Lema akaenda kumwomba aache.

"Mnataka kula au mnataka kimya?" akamuuliza. "Chagueni kimoja, mimi nina kazi."

Tukachagua kimya. Akaweka mchi chini, akakaa juu ya kinu, akakunja mikono, akatutazama kama mtu aliyelipia kiingilio.

Ana haki ya kututazama. Kisima cha nyuma ya nyumba yake nilikichota mwenyewe mwaka jana, kwa kamba fupi. Mwaka huu ndoo inapanda na tope. Anaamka gizani kufuata maji ya kupikia chai yetu sisi tunaopima kama maji yamepungua. Hajawahi kulalamika mbele yangu. Ana mapacha wawili wadogo na mama mkwe asiyeona, na ndoo zote anabeba yeye.

Basi, saa nane hivi, upepo ukalala. Masanja akapuliza filimbi, ng'ombe wakazuiliwa kule kwenye miti, watoto wakaketishwa, kijiji kizima kikasimama. Mchi kimya. Sijawahi kusikia kimya kama kile mchana. Nikapiga. Nikapiga tena. Nikapiga kwa nguvu zangu zote, nikitaka jambo liishe, niondoke, nipande gari, nifike.

Bwana Lema akatazama kioo muda mrefu.

"Upepo umelala," akasema polepole. "Mchi umenyamaza. Ng'ombe wamesimama. Kilichobaki ni wewe, Mzee wangu."

Niliitupa nyundo. Nasema ukweli hapa maana hapana mtu wa kuniona. Niliitupa, ikaangukia tuta, nikaondoka nikaenda kukaa nyuma ya ua wa Mama Kulwa. Kijana mdogo ambaye angeweza kuwa mwanangu ananiambia kwamba mimi ndiye niliyesogea. Mimi ninayeacha kumwoza mtoto wangu kwa ajili ya mistari yake.

Mama Kulwa akaja na kata ya maji. Hakunipa pole. Akanisimamia huku ananitazama ninavyokunywa.

"Baba Zuhura, nani amekuudhi leo?"

"Wote."

"Na bamba nalo?"

Nikanywa tena.

"Maana unalipiga kama limekuibia. Mwaka jana hukuwa hivyo. Mwaka jana nilikuwa nakaa hapa hapa natwanga, nakutazama. Unainua nyundo, unaiacha inaanguka, unapumzika. Unainua, unaiacha, unapumzika. Nikamwambia mama mkwe, huyu Mswahili anapiga nyundo kama mwanamke anayewatwangia wageni asiowapenda."

Nilipaliwa na maji. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na mengine hayakuwa ya kucheka.

Ni kweli tupu. Mwaka jana sikuwa na pa kwenda. Nilikuwa nalipwa kwa siku, na siku zikiwa nyingi ndiyo heri yangu. Nyundo niliinua tu, ikajiangukia kwa uzito wake. Ndiyo hodi iliyochorwa kwenye mistari ya mwaka jana. Mwaka huu nina haraka, na nina hasira ya kuwa na haraka, na kila nikikaza mkono nimalize upesi, ndivyo kazi inavyokataliwa, ndivyo nazidi kuchelewa, ndivyo nazidi kukaza.

Nilirudi. Nikaiokota nyundo kwenye tuta, nikaifuta. Bwana Lema akarudi kwenye kioo chake. Nikainua, nikaiacha ianguke.

Si rahisi. Mara ya kwanza mkono uliongeza nguvu wenyewe bila kuniuliza. Mara ya pili vile vile. Nikakaa chini, nikatazama kunguru kwenye paa la shule kwa muda, nikiwaza mambo ya kijinga kabisa: kama Masanja analala na ile filimbi, kama kuna samaki popote kati ya hapa na ziwani anayepikwa kwa nazi. Nikainuka. Nikainua nyundo, nikaiacha.

"Hiyo," akasema Bwana Lema.

Sikutazama kioo. Nikainua, nikaiacha.

"Na hiyo."

Tulipata sehemu ndogo ya mstari kabla upepo haujarudi jioni, lakini ilifanana. Tena alisema hivi kwa sauti ya chini, asisikike na wengine, kwamba pale karibu na kisima cha Mama Kulwa mstari umesogea, na safari hii haoni kingine cha kulaumu ila maji. Kilichobaki kinaweza kumalizika kesho kabla upepo haujaamka, kama kila kitu kitatulia. Masanja ameshaahidi kijiji hakitatikisika. Aliuliza kama mtu akikohoa atozwe faini. Tumemwomba asitoze.

Kwa hiyo yote yamo mkononi mwangu, huu uliovimba. Kesho asubuhi nikipiga kama baba anayewahi harusi, harusi itanipita, na Mama Kulwa atabaki na tope lake na maneno ya watu wasio na uhakika. Ili niwahi, lazima nipige kama mtu asiye na pa kwenda. Nani aliyewahi kupewa kazi ya namna hii? Na mtu anajilazimishaje kutokuwa na haraka?

Sijui. Ila kuna jambo moja nimelifanya kabla ya kukaa hapa kuandika.

Tangu Jumapili begi langu lilikuwa limefungwa, limesimama mlangoni mwa hema, na kanga za Zuhura ziko juu kabisa. Kila nikiingia naliona, kila nikitoka naliona. Nimelifungua. Kanzu nimeitundika kwenye msumari. Kanga nimezilaza chini ya mto. Viatu vya safari nimemwazima kibarua mwenzangu avivae kesho kazini, na begi lenyewe, tupu, nimelitumia kufunikia mashine ya Bwana Lema isiingie vumbi.

Kesho nitaamka kama mkazi wa hapa.